Hita ya gari kuukuu: kuisafisha, kuibadilisha au kuipiga baipasi?

Mtu anaweza kuendesha Corolla ya mwaka 1996 kati ya Tanga na Dar kwa miaka mingi asijue kama hita yake ni nzima. Akihamishiwa kikazi Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Juni ya kwanza itamfundisha. Asubuhi kioo cha mbele kinajaa ukungu kwa ndani, anafuta kwa kiganja, ukungu unarudi, na matundu ya dashibodi yanampulizia baridi ileile iliyoko nje. Akienda gereji ataambiwa moja kati ya mambo manne: tuisafishe, tutafute ya mtumba, ununue mpya, au "achana nayo bosi, tuipige baipasi", yaani maji ya moto ya injini yasiipitie tena.

Njia zote nne zina mahali pake. Shida ni kwamba fundi huchagua ile aliyoizoea, na mwenye gari hulipa kabla hajajua kama ugonjwa ulikuwa kwenye hita au kwingine. Ndiyo maana nitaanza na kulinganisha dalili, kazi isiyo na gharama, ndipo niingie kwenye mambo ya mfuko.

Msimamo wangu niuseme mapema. Gari la nyanda za juu ambalo hita yake haivuji, isafishwe kwanza. Inayovuja ibadilishwe kwa mpya, kwa sababu pesa kubwa inakwenda kwenye kung'oa dashibodi, na hakuna anayetaka kuing'oa mara mbili. Mtumba ni wa pale ambapo mpya haipatikani, au umevunjikiwa sanduku zima la hita. Baipasi ni dawa ya njiani.

Maji, vibao au upepo?

Ndani ya dashibodi kuna rejeta ndogo. Maji ya moto ya injini huingia humo kwa mpira mmoja na kutoka kwa mwingine, feni inapuliza hewa katikati ya mapezi yake, na vibao vinavyofunguka na kufunga huielekeza hewa hiyo kiooni, kifuani au miguuni. Basi. Hita ikigoma, ama maji ya moto hayafiki, ama feni haipulizi, ama kibao kimekwama.

Kujua ni kipi kati ya hivyo hakuhitaji mashine. Washa injini mpaka geji ya joto ifike pale inapokaa kila siku. Sogeza kitasa cha joto mpaka mwisho wa upande mwekundu. Fungua boneti, angalia kwenye bati linalotenga injini na chumba cha abiria: utaona mipira miwili ya ukubwa wa kidole gumba ikipita pamoja. Iguse kwa kitambaa, mkono ukiwa mbali na feni na mikanda.

Ikiwa yote miwili ina moto wa kukufanya uondoe mkono, maji yanapita vizuri. Usikubali kuuziwa rejeta ndogo. Tatizo liko ndani: waya wa kitasa umechomoka, kibao kimekwama, au feni imechoka. Ikiwa mmoja unaunguza na wa pili ni vuguvugu, maji yanaingia ila hayatoki ipasavyo. Rejeta ndogo imeziba au bomba lake la kufungia limebaki limefungwa. Ikiwa yote miwili imepoa wakati injini ina moto, maji ni pungufu, kuna hewa imenaswa, au pampu ya maji imechoka.

Hilo bomba la kufungia linastahili dakika mbili za ziada. Toyota nyingi za zamani, Land Cruiser za mfululizo wa 70 zikiwamo, zina vali ndogo kwenye mpira wa hita upande wa injini, inayovutwa na waya kutoka kwenye kitasa cha dashibodi. Mtu mmoja akae ndani asogeze kitasa, wewe angalia kama mkono wa vali unatembea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nimeona watu wakiagiza rejeta ndogo ilhali klipu inayoshika ala ya ule waya imechomoka, waya wote unateleza, na vali haijasogea tangu gari litoke bandarini.

Kisha sikiliza namna joto linavyobadilika safarini, kwa sababu hapo kuna dalili mbili zinazofanana zenye matibabu tofauti kabisa. Hewa ikiwa ya moto unapopandisha mlima na ikapoa unapoteremka au unapokimbia barabara tambarare, injini haipati joto la kutosha: shuku themostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate joto. Hewa ikiwa ya moto ukikanyaga mafuta na ikapoa ukisimama kwenye foleni, maji hayasukumwi vya kutosha: angalia kiwango cha maji, hewa iliyonaswa, kisha pampu. Ukisikia maji yakikoroma nyuma ya dashibodi kila unapowasha gari, kuna hewa humo. Ukiitoa na baada ya siku chache koromo likarudi, na maji yanapungua bila kuonekana yanakovujia, simamisha mipango yote ya hita ukapime gaskiti ya silinda hedi. Hewa hiyo huenda ni moshi wa injini unaoingia kwenye maji.

Themostati kwanza

Hapa ndipo magari ya kwetu yanapotofautiana na maelezo ya vitabu vya kiwanda. Mafundi wengi wa pwani na miji ya joto hung'oa themostati mara tu gari likichemsha, na hawairudishi. Hoja yao ni kwamba maji yakipita bila kizuizi injini itapoa. Injini inapoa kweli, hata kupita kiasi. Maji yanazunguka kwenye rejeta kubwa tangu sekunde ya kwanza, injini inachelewa kupata joto, inakula mafuta zaidi, na kule Makete alfajiri hita inapuliza hewa ya uvuguvugu hata kama rejeta ndogo ni mpya kabisa.

Kwa hiyo linganisha gharama: themostati ni kipuri cha bei ndogo chenye nati mbili au tatu na gaskiti yake ya mpira. Rejeta ndogo ni kipuri cha bei ya kati pamoja na kazi ya siku nzima, pengine mbili. Kwa gari lililonunuliwa Dar likapelekwa Mbeya, ningefungua nyumba ya themostati kwanza nione kama kuna kitu ndani.

Ukiikuta, ipime jikoni. Ifunge kwa uzi uining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini, chemsha taratibu ukiwa na kipimajoto. Nyingi zina namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi kati ya 76 na 88, nayo ni nyuzi za Selsiasi ambazo inaanza kufunguka. Iliyo nzima itabaki imefungwa kabisa mpaka karibu na namba hiyo, kisha utaona ile sahani ya katikati ikishuka pole pole. Iliyokuwa wazi tangu maji yakiwa baridi imekufa. Isiyofunguka hata maji yakitokota nayo imekufa, na ya namna hiyo ndiyo huchemsha gari mpaka fundi akaing'oa na kuitupa. Unapoirudisha, kile kipini kidogo kinachocheza kwenye ukingo wake kikae juu. Ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza maji.

Kusafisha

Rejeta ndogo huziba kwa sababu moja kubwa: maji matupu. Watu husema kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ni ya Wazungu kwa sababu huku hakuna barafu. Barafu ni sehemu tu ya kazi yake. Kulanti huzuia kutu na huongeza joto ambalo maji yanaanza kuchemka. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko, chuma cha injini kinatoa kutu, na tope hilo hutulia pale mwendo wa maji ni mdogo na njia ni nyembamba, yaani kwenye rejeta ndogo. Ukichanganya na dawa ya unga ya kuziba rejeta inayovuja, umemaliza kazi. Dawa ile haijui tundu la kuvuja na tundu la kupitishia maji. Inaziba lililo dogo.

Uzuri wa kusafisha ni kwamba dashibodi haiguswi. Injini ikiwa imepoa kabisa, unachomoa mipira miwili upande wa injini, unaunganisha mpira wa bustani kwenye bomba ambalo maji yalikuwa yakitokea, unasukuma maji kinyumenyume. Mwanzoni hutoka maji ya rangi ya kahawia yenye chembe kama za mchanga. Badilisha upande, rudia, mpaka yatoke meupe na kwa nguvu ileile yanayoingia nayo. Bomba lisifunguliwe lote: mfumo huu umezoea mgandamizo wa karibu baa moja tu, na maji ya mjini yanaweza kuuzidi. Upepo wa kompresa ya gereji ndio hatari zaidi. Rejeta iliyokwisha kuliwa na kutu itapasuka hapo hapo, na kazi ya saa moja itageuka kazi ya siku mbili.

Jambo moja la kuangalia kwa karibu: mpira uliokaa miaka ishirini huwa umegandana na bomba. Ukiuzungusha kwa koleo, bomba jembamba la rejeta ndogo litajikunja au kung'oka kwenye shina lake. Chukua kisu chenye makali, uchane mpira kwa urefu, uubandue kama ganda, uweke mpya. Mpira ni rahisi kuupata. Hilo bomba likivunjika, dashibodi inashuka.

Maji peke yake yasipotosha, siki au mmumunyo hafifu wa asidi ya sitriki ukikaa humo muda mfupi na kusuuzwa sana husaidia. Maji ya asidi ya betri na magadi makali ya kuzibulia masinki yakae mbali kabisa. Magadi hayo hula alumini, na rejeta ndogo nyingi za magari ya miaka ya 1990 kuja huku ni za alumini.

Kisha kurudisha maji, ambako ndiko kazi nzuri huharibikiwa. Gari lielekezwe kichwa juu mlimani, kitasa cha hita kiwe upande wa moto, kifuniko cha rejeta kiwe wazi, injini ingurume taratibu mpaka themostati ifunguke. Utaona mapovu, kiwango kitashuka ghafla, utaongeza. Mchanganyiko wa nusu kulanti na nusu maji yasiyo na chumvi unatosha kwa mahali popote Afrika Mashariki. Kifuniko kikichakaa mpira wake, badilisha: juu ya mita 2,500, kama uwanda wa Kitulo au Timboroa, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 91 au 92 tu, na kifuniko ndicho kinachoyazuia.

Usafishaji una udhaifu wake. Hautibu inayovuja. Na iliyojazwa dawa ya kuziba mara nyingi hufunguka nusu tu, ikatoa joto kwa miezi kadhaa halafu ikarudi ilikokuwa.

Inavuja au ni maji ya A/C?

Kabla hujaamua kubadilisha, hakikisha zulia lililolowa upande wa abiria limeloweshwa na hita kweli. Kuna wezi wawili wengine. Mfereji wa kutolea maji ya A/C ukiziba, maji yake humwagika ndani. Ni maji safi, hayana harufu, na hutokea ukiwa umewasha A/C. Sehemu ya kuingizia hewa chini ya kioo cha mbele nayo ikijaa majani ya mwarobaini au mkaratusi, maji ya mvua hukosa pa kutokea yakaingia kupitia feni. Hiyo hutokea baada ya mvua au kuosha gari.

Maji ya hita yenye kulanti yanateleza kidoleni, yana rangi na harufu tamu, na ukiwasha hita ya kioo huacha utando wa mafuta kwenye kioo usiotoka kwa kitambaa kikavu. Kama umekuwa ukitumia maji matupu, hutakuwa na rangi wala harufu ya kukusaidia, na hiyo ni sababu nyingine ya kutia kulanti.

Mpya au mtumba?

Ukienda Gerezani pale Kariakoo, Kirinyaga Road jijini Nairobi au soko la Kisekka la Kampala, utapewa vyote viwili. Cha mtumba kimetolewa kwenye gari lililokatwa Japani, na muuzaji atakwambia ni "orijino". Ni kweli ni cha kiwandani, na mara nyingi mapezi yake ni mazito na yamekaa sawa kuliko ya bandia mpya. Lakini kina umri wa gari lako. Kama chako kimetoboka kwa uzee, ndugu yake wa kiwanda kimoja amebakiza nini?

Ukilazimika kununua mtumba, usiondoke dukani bila kukipima. Ziba bomba moja kwa kidole au kizibo, kizamishe kwenye beseni la maji, puliza bomba la pili kwa pampu ya baiskeli taratibu. Povu moja tu ni jibu. Angalia unga mweupe au wa kijani kwenye mapezi na kwenye maungio. Hapo ndipo palivuja zamani pakakauka. Mimina maji bomba la juu uone yanavyotoka la chini. Muuzaji anayekataa upimaji huo kesho hatakumbuka uso wako.

Kipya cha bandia nacho kina ujanja wake. Kipimwe sambamba na cha zamani kabla ya kukifunga: urefu, unene, na hasa mabomba yanakotokea. Kikiwa chembamba kuliko cha zamani, hewa itapita pembeni bila kupata joto. Sponji ya kujibandika kuzunguka ukingo inatibu hilo kwa bei ya soda. Vya magari ya usukani wa kushoto vinaweza kuwa na mabomba upande mwingine hata kama boksi limeandikwa jina la gari lako.

Njia ya tatu ni ya wenye magari makongwe zaidi. Rejeta ndogo ya shaba, kama zile za Land Rover za zamani na Peugeot 504, fundi rejeta anaweza kuichomea kwa risasi na ikadumu. Ya alumini haichomeki hivyo. Gundi ya kukaukia huwa inaachia kwa joto na mtikisiko. Ukiwa na ya shaba, ipeleke kwa fundi rejeta mwenye jiko na risasi kabla hata hujaulizia bei ya mpya.

Dashibodi ikiwa chini, fanya na haya mengine, hutapata nafasi tena. Vibao vya kuelekezea hewa vimevikwa sponji ambayo huoza. Ukiwa na gari linalotema chembe nyeusi usoni ukiwasha feni, ndizo hizo. Vivike upya. Badilisha mipira yote miwili. Wenye Land Cruiser za mfululizo wa 100 watazame viungo vya plastiki vya mipira ya hita karibu na bati la injini: vikizeeka huvunjika kama biskuti, gari likamwaga maji yote kwa dakika chache. Vya kubadilishia ni rahisi mno ukilinganisha na injini iliyoungua Sekenke.

| | Kusafisha | Mpya | Mtumba | Baipasi |
|---|---|---|---|---|
| Dashibodi | haiguswi | inashuka | inashuka | haiguswi |
| Muda wa kazi | saa chache | siku moja au mbili | siku moja au mbili | nusu saa |
| Inafaa | imeziba, haivuji | inavuja | mpya haipo, au sanduku limevunjika | umekwama njiani |
| Hatari | kutoboa iliyochoka | kipimo kisicholingana | kuvuja tena mapema | kioo chenye ukungu |

Baipasi, na ile hita ya kuchomeka

Baipasi ni kuunganisha mipira miwili kwa bomba fupi ili maji yarudi kwenye injini bila kupitia dashibodi. Imevuja Kitonga saa tatu usiku? Ipige baipasi, ufike Iringa. Ila ifanywe kwa kuunganisha. Wapo wanaoziba kila mpira kwa kipande cha mti na klipu. Kwenye baadhi ya injini mzunguko wa hita ni sehemu ya njia ya maji kabla themostati haijafunguka, na kuuziba kunaleta joto lisilo sawa. Bomba la shaba au la chuma cha pua lenye klipu mbili ni bora kuliko plastiki ya maji ya nyumbani, ambayo hulainika.

Kwa gari lisilotoka pwani, sina ugomvi mkubwa na baipasi. Nina mmoja mdogo. Hita ni rejeta ya akiba. Geji ikianza kupanda mlimani na huna pa kusimama, fungua vioo, weka hita moto wa mwisho na feni ya mwisho. Utatoka jasho, lakini injini itapata pa kupumulia mpaka ufike pa kuegesha. Ukishaipiga baipasi umejinyima hilo.

Kuhusu vile vifeni vinavyochomekwa kwenye tundu la sigara vyenye picha ya jua kwenye boksi: fanya hesabu. Tundu lile huwa na fyuzi ya ampea 10 au 15. Mara volti 12, hupati zaidi ya wati 180. Hita ya gari iliyo nzima hutoa kilowati kadhaa. Kitapasha vidole vyako na waya wake. Usinunue.

Feni isiyopuliza

Hapa nitapita haraka kwa sababu dalili zinajieleza. Feni ikifanya kazi kwenye namba ya mwisho tu, rezista imeungua. Mara nyingi iko kwenye njia ya hewa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria, skrubu mbili, plagi moja. Ya mtumba hapa inafaa sana, haina cha kuchakaa kama rejeta. Isipofanya kazi namba yoyote, anza na fyuzi, rilei na plagi ya swichi, ambayo kwenye magari ya zamani huyeyuka. Ikianza baada ya kupigwa ngumi, kaboni za mota zimekwisha. Fundi umeme anaweza kuzibadilisha bila kununua mota.

Rezista ikiungua mara ya pili, iache. Tazama mota: bushi kavu huifanya ivute umeme mwingi, na rezista ndiyo inayolipa. Fundi akikwambia ataunganisha waya moja kwa moja au ataweka fyuzi kubwa zaidi, mwambie asante na uchukue ufunguo.

Ukungu kiooni: hita au A/C?

Kwa wengi wetu hili ndilo linalofanya hita iwe muhimu. Baridi ya Limuru, Kabale au Uyole inavumilika kwa koti. Kioo kisichoona mbele huku lori la magogo linakuja hakivumiliki.

Hita hupasha kioo, na hewa ya moto inabeba unyevu mwingi zaidi. A/C hukausha hewa yenyewe. Ukiwasha A/C peke yake asubuhi ya baridi, ukungu wa ndani utatoka haraka lakini kioo kitapoa na kuanza kutoa ukungu kwa nje. Ukiwasha hita peke yake utachelewa, hasa wakiwa watu watano wenye makoti yaliyolowa. Zikiwashwa pamoja, hewa ya kukaushwa ikapitishwa kwenye moto, kioo husafika kwa muda mfupi kuliko njia yoyote nyingine. Wengi hudhani zinapingana. Kiwandani ziliwekwa kwenye sanduku moja kwa kazi hiyo.

Kitasa cha hewa kiwe upande wa kuvuta hewa ya nje. Gari lililokaa Dar huwa limekwama kwenye kuzungusha hewa ya ndani, kwa sababu mwenye nalo alikuwa akitafuta ubaridi, na waya wa kibao hicho umeshika kutu haujaguswa miaka. Sogeza kitasa feni ikiwa mwisho: mlio wa upepo usipobadilika, kibao hakijasogea. Fungua kisanduku cha mbele ya abiria, utakiona kibao juu ya feni. Kisukume kwa mkono, kipake grisi kidogo kwenye mhimili, kisogeze mpaka kilegee.

Asiye na A/C atumie hita, hewa ya nje, na kioo cha nyuma upande mmoja kilichoshushwa kwa upana wa kidole. Asafishe kioo cha mbele kwa ndani kwa sabuni, aondoe ule utando wa moshi na vumbi ambao ukungu unaushikilia. Na anayetumia Volkswagen ya kobe, ambayo injini yake haina maji na joto lake hutokana na mabomba ya ekzosi, achukue tahadhari yake peke yake: hewa ya hita ikinuka moshi, aifunge, ashushe vioo, na asiiwashe tena mpaka vikasha vya kupashia hewa kwenye ekzosi vikaguliwe kama vimetoboka kwa kutu. Sumu iliyo ndani ya moshi ule haina harufu, na ukungu kiooni ni afadhali.